Mpira wa Akina Dada Nao ni Kazi

Klabu ya Simba ilipozaliwa hapa Dar es Salaam mwaka 1936, baada ya vijana kadhaa kujitenga na wenzao wa Yanga waliokuwa wameanza mwaka mmoja kabla, haikuitwa Simba. Iliitwa Queens, yaani Malkia. Baadaye ikaitwa Eagles, kisha Sunderland, na jina hili la Simba tulilolizoea likaja mwaka 1971. Wengi wanaovaa jezi nyekundu katika Mtaa wa Msimbazi leo hawalijui jambo hili, na wakiambiwa hucheka. Lakini yafaa wakumbushwe, maana vijana wale wa kiume hawakuona haya hata kidogo kujiita Malkia, na hapohapo hapana hata mmoja wao ambaye angekubali dada yake aingie uwanjani akapige mpira. Jina la kike lilikubalika. Miguu ya kike haikukubalika. Ilipita zaidi ya miaka themanini ndipo timu ya wanawake ya klabu hiyohiyo, Simba Queens, ikatwaa ubingwa wa taifa kwa mara ya kwanza, katika msimu wa 2019/20.

Ndugu msomaji, hatuna haja ya kuuzungumzia msimu ule kwa ajili ya kuwafurahisha watu wa Msimbazi na kuwaudhi wale wa Jangwani. Utani huo una wenyewe, na hauhitaji msaada wa gazeti. Twautaja kwa sababu ulikuwa msimu wa ajabu, uliokatika katikati kama uzi, na katika kukatika kwake ukaonyesha waziwazi jambo ambalo kila mfanyakazi angepaswa kulitazama kwa makini: ya kwamba msichana anayecheza kandanda kwa ajili ya klabu anafanya kazi, anachoka, anaumia, anawapatia wengine faida, na bado wako wanaomhesabu kuwa anacheza tu.

Kwanza tuangalie ligi yenyewe ilikotoka. Ligi ya taifa ya wanawake ilianza msimu wa 2016/17 ikiwa na timu 12 zilizogawanywa katika makundi mawili, na mabingwa wa kwanza hawakutoka Dar es Salaam bali walikuwa Mlandizi Queens, wasichana wa mji mdogo ulio kando ya barabara ya Morogoro katika Mkoa wa Pwani. Timu ya taifa, Twiga Stars, ilikuwako kabla ya ligi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2010 ilifuzu kwenda Afrika Kusini kushindana katika fainali za Afrika, ikiwa na kina Sofia Mwasikili, Esther Chabruma na Mwanahamisi Omari. Ilifungwa mechi zote tatu, lakini dhidi ya wenyeji na dhidi ya Mali ilizidiwa bao moja tu kila mara. Fikiri, ndugu, jambo hilo lilivyo: nchi inapeleka timu kwenye fainali za bara zima, nayo haina ligi ya wanawake ya taifa. Wachezaji wale walikuwa wakijinoa katika michuano ya mikoa na viwanja vya vumbi vya mitaani, na wengi wao walipokuwa shuleni walikuwa wakielekezwa kwenye netiboli kwa hoja kwamba huo ndio mchezo wa wasichana. Walifika Afrika Kusini kwa juhudi zao na za walimu wachache waliojitolea. Utaratibu wa nchi ulikuja nyuma yao miaka sita baadaye.

Baada ya Mlandizi ukaja wakati wa JKT Queens. Walichukua ubingwa wa 2017/18, wakauchukua tena wa 2018/19, na watu wakaanza kusema hapana atakayewaweza. Wengine walidai ni nguvu za kijeshi. Sisi twaona sababu ilikuwa nyepesi zaidi. Jeshi la Kujenga Taifa, tangu lilipoundwa mwaka 1963, limekuwa na kambi, na kambi ina chakula, ina malazi, ina mganga, ina uwanja, na yule aliyeajiriwa ana mshahara unaofika mwisho wa mwezi. Mchezaji wa namna hiyo anaamka asubuhi akijua atakula nini. Anafanya mazoezi asubuhi na jioni bila ya kuwaza nauli ya daladala. Akiteguka kifundo cha mguu anatibiwa. Mweke mwenzake upande wa pili, msichana wa rika lilelile na kipaji kilekile, ambaye mchana anamsaidia mama yake kuuza vitumbua au anashona nguo kwa fundi, kisha jioni anakimbilia mazoezini na tumbo tupu. Wakikutana uwanjani, kipindi cha kwanza huenda wakalingana. Katika dakika ya sabini utaona nani alikula na nani hakula.

Kwa hiyo kilichowaangusha JKT msimu wa 2019/20 hakikuwa uchawi wa Kariakoo. Simba waliamua kuwatendea wasichana wao namna inayokaribia ile wanayowatendea wanaume, wakawapa mwalimu aliyeujua mchezo kwa ndani, Mussa Hassan Mgosi, ambaye watu wa Msimbazi walikuwa wamemshangilia yeye mwenyewe akifunga mabao. Yanga nao, kwa timu yao ya Yanga Princess, walikuwa wameingia ligi kuu, na hapo ndipo mambo ya Kariakoo yakapata sura mpya. Makao ya klabu hizi mbili yako umbali wa kutembea kwa miguu, moja Msimbazi na nyingine pembe ya Jangwani na Twiga, na katikati yake ni maduka ya vitenge, mikokoteni ya matunda, wapiga debe na mama lishe. Mashindano ya wanaume yamewagawa watu wa mtaa huu tangu enzi za mkoloni. Sasa yakaongezeka mashindano ya wanawake, na muuza nyanya aliyekuwa akisikiliza ubishi wa wateja wake kwa miaka ishirini akawa na timu ambayo angeweza kusema wale ni wanangu, wanafanana na mimi.

Halafu ukaja mwezi wa Machi 2020. Tarehe 17 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule na kusimamishwa kwa mikusanyiko, michezo ikiwamo, kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Ligi zote zikasimama, ya wanaume na ya wanawake, hadi michezo iliporuhusiwa tena kuanzia tarehe 1 Juni.

Watu wa Kariakoo wanajua vizuri nini maana ya kusimama. Mahali penyewe pamepewa jina na mateso ya wafanyakazi: Kariakoo ni jinsi wenyeji walivyolitamka jina la jeshi la wapagazi la Waingereza, Carrier Corps, ambao kambi yao ilikuwa hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Walikuwa watu waliobeba mizigo ya vita isiyokuwa yao, na maelfu kwa maelfu wakafa kwa njaa na maradhi. Tangu siku hizo hata leo mtaa huu unaishi kwa kipato cha siku kwa siku. Mchukuzi asipobeba, hali. Soko kuu, lile jengo lililochorwa na msanifu majengo wetu Beda Amuli na kufunguliwa miaka ya 1970, lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, maelfu waliamka asubuhi hawana pa kuweka bidhaa wala bidhaa yenyewe. Basi mtu wa Kariakoo hahitaji kuelezwa msichana wa kandanda alikuwa katika hali gani kati ya Machi na Juni 2020. Mwenye mshahara wa jeshi aliendelea kupata mshahara. Mwenye mkataba ulioandikwa alikuwa na karatasi ya kushika mkononi na mtu wa kumwuliza. Yule wa mikoani ambaye posho yake ilikuwa inatoka siku ya mechi, na mechi hazikuwako, huyo alirudi nyumbani kwao, na kama nyumbani palikuwa na jembe alishika jembe.

Ligi iliporudi, walirudi pia. Hili ndilo tunalolistaajabia zaidi ya kombe lenyewe. Walitoka majumbani, wakiwa wamefanya mazoezi peke yao au hawakufanya kabisa, wakapanda mabasi, wakamaliza msimu. Simba Queens wakawa mabingwa. Wakaongeza ubingwa wa 2020/21 na wa 2021/22, mara tatu mfululizo, kabla ya JKT kuurudisha kambini msimu wa 2022/23. Simba wakauchukua tena 2023/24, JKT wakajibu 2024/25. Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba tangu mwaka 2018 hapana timu ya tatu iliyogusa ubingwa. Kambi na Msimbazi, Msimbazi na kambi. Mlandizi walioanza kwa kishindo waliachwa nyuma, wala si kwa sababu wasichana wa Pwani walisahau kupiga mpira.

Sababu ni fedha, na hapana haja ya kuizungukazunguka. Mwishoni mwa mwaka 2018 kampuni ya bia ya Serengeti ilikubali kuidhamini ligi hii kwa shilingi milioni 450 kwa miaka mitatu. Ulikuwa msaada wa maana, na waliotoa wanastahili shukrani. Lakini hebu tupige hesabu kama mwenye duka. Milioni 450 kwa miaka mitatu ni milioni 150 kwa mwaka. Ziligawe hizo kwa timu 12, na tufanye kama kwamba hapana senti iliyotumika kwa waamuzi, kwa makombe wala kwa uendeshaji. Kila timu ingepata milioni 12 na nusu kwa mwaka mzima. Sasa chukua timu ya Mwanza au ya Kigoma, ambazo kila moja iko zaidi ya kilometa elfu moja kutoka Dar es Salaam. Timu ya wachezaji ishirini na walimu wao, nauli ya kuja na kurudi, malazi, chakula, maji, dawa ya kuchua. Ni safari chache tu, na mfuko umekwisha. Timu ya namna hiyo inaposhuka kwenye basi baada ya kukaa kitako usiku na mchana, kisha kesho yake jioni inaingia uwanjani dhidi ya wasichana waliolala vitandani mwao, tusijidanganye kwamba twatazama mashindano ya vipaji peke yake.

Yapo maneno tunayoyasikia kila tunapolizungumza jambo hili. Watu husema: mechi za wanawake hazina watazamaji, basi fedha itoke wapi? Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba viwanja havijai. Lakini mechi nyingi zimechezwa siku za kazi saa kumi jioni, wakati mfanyakazi yuko kiwandani na mchuuzi yuko sokoni, tena katika viwanja vya mbali kama Mbweni na Chamazi, ambako mtu wa Kariakoo hafiki bila ya kubadili daladala mara mbili. Uwanja wa Karume, ulio Ilala jirani kabisa na Kariakoo, ni mahali ambapo mtu angefunga kibanda chake akafika kwa miguu kabla ya kipindi cha pili. Watazamaji hawaoti kama uyoga. Hupangiwa saa wanayoweza na mahali wanapofika. Zaidi ya hayo, klabu zetu kubwa za wanaume nazo zilidumu miaka mingi kwa michango ya wanachama na hisani ya wenye nacho, wala hapana aliyesema zifungwe kwa kuwa hazijilishi.

Na wako wasemao mpira si mwili wa mwanamke, humharibu, humfanya jike dume. Wasemaji hawa hatuwaoni wakimzuia mwanamke kubeba gunia la mkaa kichwani, au kuinama shambani na mtoto mgongoni kuanzia alfajiri. Mwaka 1955 wanawake wa mji huu, wapika pombe, wachuuzi wa maandazi, wacheza lelemama, walioongozwa na Bibi Titi Mohamed ambaye naye alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma, waliitwa wahuni kwa kutoka majumbani na kwenda kwenye mikutano ya siasa. Barabara kuu inayopita Mnazi Mmoja inaitwa kwa jina lake sasa.

Turudi kwenye kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa kike likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Mwanamke anayefanya kazi kiwandani Ubungo anaijua sheria hii, na tawi la chama chake cha wafanyakazi humsaidia kuidai. Shirikisho la mpira la dunia, FIFA, nalo tangu tarehe 1 Januari 2021 limeweka kanuni kwamba mchezaji mwenye mkataba apewe angalau wiki 14 za likizo ya uzazi kwa theluthi mbili ya mshahara, na klabu ikimfukuza kwa sababu ya ujauzito iadhibiwe. Tazama mambo mawili hapa. La kwanza, sheria yetu ya mwaka 2004 inadai mshahara wote ambapo FIFA inadai theluthi mbili. Si kila siku nchi yetu huitangulia FIFA, basi tujivune kidogo. La pili ndilo zito: haki zote mbili zinamwangukia mtu mwenye mkataba. Msichana anayelipwa posho mkononi, bila ya karatasi, akipata mimba anaaga tu. Na akivunjika mguu hapati fidia ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, kwa kuwa hapana mwajiri aliyemwandikisha. Aliyevunjika mguu akiwa mchukuzi wa mizigo na aliyevunjika mguu akiwa mshambuliaji wa kulia wanakutana katika foleni moja ya Muhimbili, wote wawili bila ya chochote mfukoni.

Kwa hiyo vyama vya wafanyakazi vina kazi hapa ambayo bado havijaishika. Hatudai kwamba kila timu ya ligi kuu ilipe kama inavyolipa Simba. Hilo haliwezekani leo. Twadai kwamba kila mchezaji wa ligi ya taifa awe na mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili anachokielewa, unaosema atalipwa nini na lini, atatibiwa na nani, na akisimama kwa uzazi atarudi vipi. Shirikisho la kandanda la nchi, TFF, lina uwezo wa kuikatalia timu usajili. Likiweza kuikatalia kwa kukosa picha za wachezaji, laweza pia kuikatalia kwa kukosa mikataba. Shirikisho la Afrika lilipoamua kwamba kuanzia msimu wa 2022/23 klabu ya wanaume isiyo na timu ya wanawake haipati leseni ya mashindano ya bara, klabu zilizokuwa zikilalamika kuwa hazina fedha zilizipata. Walichokuwa wamekosa ni amri.

Wenye shaka watatuuliza tumepata nini. Mwezi wa Oktoba 2022 wasichana wetu walio chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walicheza Kombe la Dunia kule India, timu ya kwanza ya nchi hii kufika katika Kombe la Dunia la FIFA la aina yoyote. Wakaifunga Ufaransa 2 kwa 1, wakatoka sare na Kanada, wakafika robo fainali. Mwezi uliofuata Simba Queens, ambao Agosti walikuwa wametwaa ubingwa wa ukanda wetu hapahapa Dar es Salaam, walikwenda Morocco katika Ligi ya Mabingwa ya wanawake wa Afrika, wakafika nusu fainali, wakatolewa na Mamelodi Sundowns kwa bao moja. JKT Queens wakafuata mwaka 2023 kule Ivory Coast, wakatoka mapema, na mwaka 2025 wakaenda tena, safari hii Misri. Twiga Stars wenyewe, baada ya kungoja miaka 15, walirudi katika fainali za Afrika mwezi wa Julai 2025. Walitolewa hatua ya makundi, lakini walitoka sare ya bao 1 kwa 1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi, kwa bao la Opa Clement.

Na wameanza kutafutwa. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess mwaka 2022 akaenda BK Häcken ya Sweden, na baadaye Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga amekwenda Hispania na kisha Al-Nassr ya Saudi Arabia. Opa Clement amecheza Uturuki na Mexico. Kila jina la namna hii hutangazwa kwa furaha, na furaha hiyo ni halali. Ila jambo moja halitangazwi. Mchezaji wa kiume akisajiliwa kwa mara ya kwanza nje kama mchezaji wa kulipwa, klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 zina haki ya kulipwa fidia ya malezi. Kanuni hizohizo za FIFA, zilivyosomeka mwaka ule Masaka alipokwenda Sweden, zilisema wazi kwamba fidia hiyo haihusu mpira wa wanawake. Klabu za malezi ya wasichana zilibakiwa na fungu la mshikamano, ambalo ni asilimia 5 ya bei ya uhamisho, na msichana anayeondoka baada ya mkataba kwisha hana bei ya uhamisho. Mwalimu wa Mwanza au wa Songea aliyemnunulia mtoto viatu vya kwanza, akampeleka mazoezini kwa miaka sita, akambembeleza baba yake amruhusu, humwona kwenye televisheni akicheza Ulaya, kisha huamka asubuhi kutafuta nauli ya safari ya Dar es Salaam kwa ajili ya wale waliobaki.